Wageni wa Tryphosa

Kila asubuhi Obwocha alipika uji wa wimbi na kumpelekea mkewe, Tryphosa, chumbani. Kisha alifunga mlango kwa ufunguo, akateremka kuchuma majani chai. Watu wa kijiji chao cha Manga waliuona ule ufunguo shingoni mwake, wakanong'ona.

Tryphosa alikuwa na saratani ya damu. Alikuwa amemaliza awamu ya pili ya kemo, yaani dawa kali za kupitishwa kwenye mshipa. Siku ya kuruhusiwa, daktari aliongea mbio mbio kwa Kiingereza, akampa Obwocha karatasi, akaenda zake. Wakubwa ndivyo walivyo. Ukiuliza mara mbili, wewe ni mjinga. Obwocha alishika neno moja tu: mgonjwa asikaribie watu.

Basi Sabato watu wa kanisa walipokuja, aliwarudisha langoni. Kwetu, kumzuia mtu kumwona mgonjwa ni tusi. Orpah, dada ya Obwocha, alisema lazima kuna kitu kinafichwa.

Siku ya tisa uji ulirudi kama ulivyokwenda.

"Mama Duke, kula kidogo," Obwocha alimsihi, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Mdomo una vidonda. Na nikila, ni nikae hapa nikihesabu mabati? Kemo ya tatu siendi. Afadhali nife nikiwa na watu."

Obwocha akamwendea Celestine, mhudumu wa afya wa kijiji. Aliwalaumu madaktari, akailaumu na serikali. Celestine alimwacha amalize.

"Walikosea kutokueleza," alisema. "Na wewe umekosea kumfungia kama mbuzi. Kemo inapunguza askari wa damu wanaopigana na magonjwa. Msongamano ndio mbaya, na mtu mwenye mafua. Lakini wawili wazima, wamenawa kwa sabuni, wakae naye nje penye hewa. Salamu iwe ya mdomo."

Alimweleza pia kwamba mgonjwa asukutue mdomo kwa maji ya chumvi, ale chakula kilichoiva vizuri, atembee kidogo uani. Kisha akampa kipimajoto.

"Kikifika thelathini na nane, usingoje kuche, wala usimpe dawa ya homa kwanza. Hospitali saa hiyo hiyo."

Kwenye karatasi ya daktari kulikuwa na namba ya simu ya wodi. Walipiga. Muuguzi alijibu kwa Kiswahili safi, akasema maelezo ya Celestine ni sawa. Obwocha alikasirika zaidi, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha namba ile.

Sabato iliyofuata, beseni na sabuni viliwekwa langoni. Wengine walingoja zamu, wakinung'unika. Orpah alinawa, akakaa hatua mbili kutoka kwa Tryphosa, akamtazama kichwa.

"Kumbe una kipara kama mume wangu."

"Changu kitaota nywele," Tryphosa alisema, akacheka huku ameshika mdomo.

Uji ukaisha bakulini. Jioni Tryphosa alimuuliza mumewe siku ya kemo ya tatu.

"Jumatatu."

"Nitafutie sweta," alisema. "Kule wodini kuna baridi."