Shina Ndani, Miiba Nje

Sogeeni karibu. Karibu zaidi, mpaka magoti yagusane. Hadithi hii ina giza kidogo katikati.

Palikuwa na msichana mdogo, jina lake Minza. Aliishi nyikani, mahali ambapo nyumba moja iko mbali na nyingine na upepo una nafasi ya kutosha.

Kwao kulikuwa na nyumba, jiko, na ghala la mtama. Ua ulizunguka vyote hivyo, nao ulikuwa wa miiba mitupu.

Ndani ya ua walilala mbuzi. Kila mbuzi alikuwa na jina lake, lakini leo nitamtaja mmoja tu. Huyo ni Mawele.

Mawele alikuwa kitoto cha mbuzi, wa kijivu, mwenye masikio marefu kuliko akili. Mama yake alikufa wakati wa kiangazi. Sasa mama yake alikuwa Minza.

Kila jioni Minza aligonga kopo la maziwa. Ko-ko-ko. Na kila jioni Mawele alikuja mbio, hata kama alikuwa na shughuli zake nyingine.

Mbwa naye alikuwapo. Aliitwa Kelele. Alibwekea kuku, alibwekea majani, alibwekea hata kivuli chake mwenyewe. Hwu-hwu-hwu, kutwa nzima.

Sasa sikilizeni jambo la lango. Lango la kina Minza halikuwa na mlango. Lilizibwa kwa tawi moja kubwa la mgunga.

Upande mmoja wa tawi ni mnene, hauna miiba. Hilo ndilo shina. Upande wa pili ni miiba, miiba, miiba.

Kila jioni Bibi alisimama ndani ya ua, akashika shina, akalivuta tawi mpaka likaziba lango. Huku akivuta, aliimba:

"Shina ndani, miiba nje.
Wa usiku asije."

"Bibi, wa usiku ni nani?" Minza aliwahi kuuliza.

"Ni fisi," Bibi alisema. "Fisi hana mikono, ana meno. Ukimwachia shina nje, ataliuma na kulivuta. Ukimwachia miiba, atauma nini?"

Minza alicheka siku ile. Ilikuwa mchana, na mchana ni rahisi kucheka.

Ikafika jioni moja. Baba na mama walikuwa wamekwenda mnadani na ng'ombe, na wangelala huko. Nyumbani walibaki Minza na Bibi.

"Minza," Bibi aliita kutoka jikoni.

"Abee, Bibi."

"Goti langu leo limegoma. Nenda ukafunge lango, mama. Unajua kufunga?"

"Najua," alisema Minza. Na kweli alijua.

Jua lilikuwa limeshazama. Upande mmoja anga ilikuwa nyekundu. Upande wa pili haikuwa na rangi yoyote.

Minza akafika langoni. Tawi lilikuwa limelala vibaya. Baba alilivuta kwa haraka asubuhi, na sasa shina lilitazama nje. Miiba ilimtazama Minza.

Ilibidi aligeuze. Ili aligeuze, ilibidi atoke nje ya lango, hatua chache tu.

Minza akachungulia nje. Hakukuwa na upepo. Nyasi zote zilikuwa zimesimama.

Halafu nyasi zikatikisika, mahali pamoja tu. Swaaa. Zikatulia tena.

Minza hakutoka.

Alichukua fimbo. Akalisukuma tawi kutoka huku ndani, kwenye miiba yake. Kwaruu. Kwaruu. Lango likaziba.

Ukitazama haraka, ungesema limefungwa vizuri. Lakini shina lilikuwa nje, na miiba ilikuwa ndani.

"Umefunga?" Bibi aliuliza.

"Limefungwa, Bibi."

"Shina liko ndani?"

Minza akatazama vidole vya miguu yake. Vidole havikumsaidia.

"Liko ndani," akasema. Sauti ilitoka ndogo sana.

Wakala ugali na mlenda karibu na moto. Mlenda, jamani, hushuka wenyewe bila kusukumwa. Lakini jioni ile mlenda wa Minza ulikwama kooni.

Nje, Kelele alinguruma. Grrr.

Kisha akanyamaza.

Kelele, aliyebwekea hata kivuli chake, alinyamaza kabisa. Akaingia chini ya ghala, akaficha pua.

Mbali, mbali kabisa, kitu kikaita. Uuuuu-wiip.

"Wa usiku huyo," alisema Bibi. "Anapita tu. Kula."

Uuuuu-wiip. Sasa haikuwa mbali.

Bibi akaacha kutafuna. Minza akaacha kupumua, kidogo.

Zikaja hatua. Zilikuwa hatua za anayechechemea. Tap-tap… tap. Tap-tap… tap.

Hatua zilizunguka ua. Zilipita nyuma ya nyumba. Zilipita karibu na ghala, na mkia wa Kelele ukajikunja. Tap-tap… tap.

Hatua zikafika langoni. Zikasimama.

Moyoni Minza aliimba ule wimbo. Shina ndani, miiba nje. Lakini wimbo haukuwa wa kweli usiku ule, na Minza alijua.

Akatazama langoni kupitia mlango wa jiko.

Tawi lilikuwa linatembea.

Hakuonekana mtu aliyelishika. Lilitembea lenyewe, polepole, kuelekea gizani. Kwaruu. Likasimama. Kwaruu.

Minza aliogopa sana. Aliogopa fisi, na aliogopa kusema. Kisha akasema.

"Bibi, nimekudanganya. Shina liko nje."

Bibi hakumgombeza. Kugombeza kuna wakati wake, na wakati wenyewe haukuwa huo. Alichomoa kijinga cha moto jikoni, akainuka na goti lake bovu.

"Kaa nyuma yangu," alisema.

Pale langoni palikuwa pamefunguka, kiasi cha kupita kapu. Ndani ya uwazi ule kulikuwa na macho mawili ya kijani. Yalikaa chini chini, na hayakupepesa.

Mbuzi wote walijibana kwenye kona. Mbuzi wote, isipokuwa mmoja.

Mawele, mwenye masikio marefu kuliko akili, alikuwa anakwenda langoni. Alitaka kujua ni nani anayecheza na tawi.

"Mee?" aliuliza.

Macho ya kijani yakamtazama Mawele. Mawele akapiga hatua. Akapiga nyingine.

Bibi alikuwa anakwenda, lakini goti lilikuwa linakwenda taratibu. Minza aliona kwamba Bibi hatawahi.

Kopo la maziwa lilikuwa mkekani. Minza akalichukua. Akaligonga.

Ko-ko-ko.

Mawele akasimama. Sikio moja likageuka.

Macho ya kijani yalisogea. Kwaruu, likafanya tawi.

Ko-ko-ko. Ko-ko-ko. "Mawele, njoo. Njoo kwa mama."

Sikio la pili likageuka. Na Mawele mzima akageuka. Akaja mbio, tipu-tipu-tipu, akaingiza kichwa chote ndani ya kopo.

Minza akamkumbatia. Alimkumbatia kwa nguvu mpaka Mawele akalalamika.

Bibi naye akafika langoni. Akainua kijinga juu, na cheche zikaruka.

"Toka," alisema Bibi. Neno moja tu.

Macho yakazimika. Kitu kikacheka gizani, hi-hi-hiii, lakini hakikuwa kicheko cha furaha. Hatua zikaenda.

"Minza," aliita Bibi.

"Abee, Bibi."

"Fisi anajua njia sasa. Atarudi. Mimi nashika moto, wewe ushike shina. Tutoke wote wawili."

Minza akamfunga Mawele kwenye nguzo ya jiko. Kisha akatoka nje ya lango, hatua chache tu, kando ya Bibi.

Nje palinuka vibaya. Nyasi zilikuwa zimelala chini, pale ambapo kitu kilikuwa kimekaa muda mrefu kikingoja.

Minza akashika shina. Lilikuwa limelowa. Vidole vyake viliingia kwenye vishimo, na vishimo vile vilikuwa alama za meno.

Alitaka kuliachia. Hakuliachia.

Akalizungusha tawi, kwaruu, kwaruu. Akarudi ndani, Bibi akarudi ndani, na Minza akavuta. Alivuta mpaka shina likafika kwake na miiba ikabaki gizani. Huku akivuta, aliimba kwa sauti inayotetemeka:

"Shina ndani, miiba nje.
Wa usiku asije."

"Tena," alisema Bibi.

Minza akaimba tena. Mara hii sauti haikutetemeka sana.

Wakaingia nyumbani. Mawele naye akaingia, akajilaza miguuni pa Minza kana kwamba amezaliwa kitandani.

"Usiku wa leo tu," alisema Bibi.

"Wa leo tu," alisema Minza.

"Mee," alisema Mawele, ambaye hakuwa ameahidi kitu.

Wakalala kimya. Wakasikiliza.

Tap-tap… tap. Tap-tap… tap.

Amerudi.

Hatua zilipita nyuma ya nyumba. Zilipita karibu na ghala. Zikafika langoni, zikasimama.

Fff. Fff. Pua ilikuwa inatafuta. Ilitafuta huku, ikatafuta kule. Ilitafuta kitu kinene cha kuuma.

Fff… aih.

Ilikuwa imepata mwiba.

Hatua zikaondoka. Tap-tap… tap. Zikawa ndogo. Kisha, mbali, kitu kikaita. Uuuuu-wiip. Kikaita mbali zaidi, na hatimaye hakikusikika tena.

Hapo ndipo Kelele alipotoka chini ya ghala. Akabweka kwa hasira, hwu-hwu-hwu, ili kila mtu ajue kwamba kazi yote ameifanya yeye.

Bibi akacheka. Minza hakucheka bado.

"Bibi, umenikasirikia?"

"Kidogo," alisema Bibi. "Uliogopa kutoka nje?"

"Niliogopa."

"Mimi pia huogopa, kila jioni. Kwani ule wimbo ulidhani ni wa nini?"

Minza akafikiri. Hakuwahi kujua kwamba Bibi huogopa.

"Kesho ukiogopa, niite," alisema Bibi. "Nitakuja na goti langu. Tutaogopa wote, na lango litafungwa vizuri."

"Sawa, Bibi." Na ule mlenda uliokwama kooni ukashuka, mwishoni kabisa.

Bibi akamfunika shuka. Akapunguza taa mpaka ikabaki tone la mwanga.

"Shina?" Bibi aliuliza taratibu.

"Ndani," alisema Minza.

"Miiba?"

"Nje."

"Mawele?"

"Ndani." Minza akapiga miayo.

"Na Minza wangu?"

"Ndani…"

"Na wa usiku?"

Minza hakujibu. Alikuwa amelala, na Mawele amelala, na hata Kelele amelala mlangoni.

Bibi akasikiliza giza kwa muda. Giza lilikuwa limetulia.

"Nje," akajijibu mwenyewe. Akazima taa.