Bahari ya Digrii Kumi na Tisa

Gari la Fundi lilikuwa limeshatoka nusu nje ya geti pale mkewe alipolikimbilia na chupa ya chai mkononi.

"Baba Kifaranga! Chai yako!"

Fundi alishusha kioo, akaipokea bila kuzima injini.

"Leo ikifika ishirini na nne, tunakwenda leo hii hii," mkewe alisema. "Nimefunga saluni. Wateja nimewaambia wakae na vichwa vyao mpaka Jumatatu."

"Nikipima nitakutumia ujumbe, mke wangu."

"Hii Jumamosi ya sita, baba."

"Sasa mimi ndiye ninayeipasha bahari moto?"

Alicheka, akaondoka.

Mwanamume huyu kazi yake ilikuwa kutengeneza majokofu. Mwaka uliopita binti yao wa miaka minane, waliyezoea kumwita Kifaranga, alioga baharini siku ya baridi, akalazwa wiki tatu kwa kichomi. Siku anatoka hospitali, baba alikula kiapo: familia haikanyagi ufukweni mpaka maji yafike digrii ishirini na nne. Na atayapima mwenyewe, kwa kipimajoto chake cha kazini, kile chenye waya mrefu anachotumbukiza kwenye majokofu ya watu.

Mkewe, aliyekuwa msusi, aliimba habari hiyo saluni mpaka wateja wakachoka.

"Waume zenu wanawaletea maua yanyauke," aliwaambia. "Wangu anampimia mwanangu bahari."

Saa tatu simu ililia kidogo. Ujumbe: "Digrii 19. Bado baridi sana. Nasubiri jua lipande nipime tena. Nitachelewa."

Msusi aliguna, akaanza kutoa mataulo kwenye kikapu. Kifaranga alikuwa mlangoni, amevaa lile sweta la njano ambalo baba yake alimletea wiki mbili nyuma.

"Mama, amesema ngapi?"

"Kumi na tisa."

Mtoto akaanza kulia. Si kilio cha kukosa bahari, ni kile cha mtu mwenye kosa.

"Wewe, nini tena?"

"Usimwambie baba. Atanipiga."

"Baba yako lini amekupiga? Sema."

Kifaranga alikwenda kuleta begi la shule, akalifungua mfuko wa ndani. Kipimajoto kilikuwa humo, waya umezungushwa kwenye kalamu.

"Nilikipeleka shule kumwonyesha mwalimu. Nikaogopa kukirudisha."

"Lini?"

"Muda mrefu. Jumamosi tatu zimepita."

Msusi alikaa kitandani. Katika hizo tatu, ya kwanza aliandikiwa kumi na saba. Ya pili, kumi na nane. Ya tatu, kumi na nane na nusu. Hiyo nusu ndiyo iliyomuuma.

Mama mkwe alikuwa anapita ukumbini na kiti chake cha kukunja.

"Mkwe wangu, mbona umekaa kama mtu aliyepigwa na mlango? Tunakwenda hatukwendi?"

"Tunakwenda, mama."

"Mwanangu kasema maji yamepata moto?"

"Kasema kumi na tisa."

"Basi twende nikafie hukohuko. Hapa ndani nimechoka kuangalia pazia."

Waliita teksi. Njiani bibi alimtania mjukuu wake kwamba wimbi likimbeba bibi, mjukuu ndiye atakayerithi kitanda chake. Kifaranga alicheka. Mama yake hakusikia kitu.

Ufukweni watu walijaa. Vichanga walikuwa wanaoga uchi, vikongwe wanaelea kama maboya. Msusi alisimama nyuma ya kibanda cha kukodisha miavuli, akamwona mumewe hatua ishirini mbele yake. Kifua wazi, nywele zinachuruzika maji. Mwanamke mwenye kibanda alikuwa anamkausha mgongo kwa taulo, na kati yao ilikuwepo ile chupa ya chai na vikombe viwili.

Alipiga simu. Akamwona akiangalia kioo cha simu, akamwekea yule mwanamke kidole midomoni.

"Haloo, mke wangu."

"Uko wapi, baba?"

"Nimo majini mpaka magotini, napima. Natetemeka hapa, usipime."

"Umepata ngapi?"

"Imegoma hapo hapo kumi na tisa. Wiki ijayo, Mungu akipenda."

"Umepima kwa nini?"

"Swali gani hilo? Kwa kipimajoto."

"Geuka, baba."

Aligeuka. Wa kwanza kumwona alikuwa mama yake, ameshakunjua kiti na kukikalia.

"Endelea kutetemeka, mwanangu," bibi alisema. "Nimekuja na kiti kabisa."

Fundi alinyanyuka, taulo likaanguka.

"Mke wangu, nisikilize. Tusiaibishane mbele ya mtoto."

Lakini mwenye miavuli hakuwa anamtazama yeye wala mkewe. Alikuwa anamtazama Kifaranga.

"Hilo sweta nimelinunua mimi," alisema taratibu. "Alinipa vipimo vya mabega. Aliniambia mama mtu alishaondoka zamani, kamwachia mtoto wa kifua asiyeweza hata kuguswa na upepo. Kila akitaka kuniaga haraka, mtoto kabanwa na kifua."

"Kwangu kila akitaka kutoka, ni kifua hicho hicho," msusi alijibu.

Wanawake wawili wakatazamana. Hakuna aliyemrukia mwenzake, ingawa watu wa miavuli ya jirani walishageuza viti.

"Nilipitiwa," Fundi alisema. "Wiki za kwanza nilipima kweli. Naapa. Yalipofika ishirini na nne nikasema, wiki moja tu zaidi..."

"Yalifika lini?"

Aliinama akaokota taulo.

"Nakuuliza, yalifika lini?"

"Jumamosi ya pili."

Msusi alitikisa kichwa.

"Kwa huyu mwanamke ningekusamehe. Ningelia, ningevunja sahani mbili, ningekusamehe. Lakini mwanangu amekaa dirishani wiki nne anajiona mgonjwa. Anauliza kama atapona. Na wewe ulikuwa unamjibu!"

"Mama!" Kifaranga aliita. Alishalivua sweta, yuko kwenye maji mpaka vifundoni. "Mama, si baridi! Baba amekosea!"

"Hajakosea, mwanangu. Ngoja nakuja."

Aliingia na gauni lake lote. Walioga mpaka saa saba. Fundi alisimama mchangani na shati mkononi, na hakuna aliyemwita.

Msusi na Fundi waliachana kabla msimu haujaisha. Fundi alirudi ufukweni mara mbili kumbembeleza mwenye miavuli. Mwanamke alimjibu kwamba miavuli yote imekodishwa, Fundi akahamia mji mwingine anakotengeneza majokofu ya bucha na kuishi peke yake. Mwenye miavuli alihamisha kibanda upande wa pili wa ufukwe. Bibi alikataa kumfuata mwanawe, akabaki kwa mkwewe mpaka alipofariki miaka minne baadaye. Msusi hakuolewa tena, ingawa aliposwa. Kifaranga sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake, na baba yake akipiga simu, yeye humpa salamu tu, kisha humwambia ana kazi.