Mnong'onezi wa Nyuma ya Pazia

Jamani, Jumapili yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Watu wa Mbeya wametoka kanisani, wamekula, wamejaa ukumbini mpaka akina mama wengine wamegeuza ndoo wakazikalia. Walikuja kumwona Kalinga, mtunzi wa maigizo kutoka Iringa. Wiki nzima redio haikuwa na habari nyingine: Kalinga, Kalinga, Kalinga! Utadhani ndiye analeta mvua. Hahaa!

Nyuma ya pazia Kalinga anajipaka poda, anajitazama kwenye kioo alichokichomoa kwenye pikipiki yake.

"Kaka, leo nani ananong'oneza?" akauliza Esnath, mwigizaji mwenzake.

"Hakuna. Mchezo wangu mwenyewe nitausahauje?"

Esnath akaguna. "Wako? Haya bwana. Severina tumeshamfukia udongo mwekundu kule kijijini Kalenga, nani atakubishia."

Hapo ndipo penyewe. Severina hakujua kuandika hata jina lake, lakini mchezo mzima aliutunga kichwani. Na kwenye kikundi chao cha Kalenga yeye ndiye alikuwa mnong'onezi: anakaa kwenye kigoda nyuma ya pazia, ukisahau maneno anakupa. Kalinga sasa, kwa kusahau, balaa! Severina akamfundisha: "Ukisikia sauti yangu usifikiri. Sema tu." Wakaenda hivyo miaka na miaka.

Siku kifua kilipombana Severina, Kalinga akamwambia anafuata pikipiki ampeleke hospitali. Thubutu! Pikipiki ikampeleka yeye mjini kuandikisha mchezo kwa jina lake mwenyewe. Simu akazima. Watu walimkuta Severina kwenye kigoda chake, kainama, kashakuwa wa baridi.

Basi, mchezo ukaanza. Watu wanacheka, vigelegele vinapigwa. Katikati, Kalinga akakwama. Mdomo wazi. Kichwani hakuna kitu.

Nyuma ya pazia mtu akakohoa.

Kikohozi kile anakijua.

"Ndugu zangu," sauti ikanong'ona.

Usifikiri. Sema tu.

"Ndugu zangu," akasema Kalinga.

"Mchezo huu nimeuiba."

"Mchezo huu nimeuiba."

Makofi! Watu wanadhani ndiyo igizo lenyewe. Kalinga akataka kufunga mdomo. Mdomo ukakataa. Akasema habari za pikipiki. Akasema habari za simu. Jasho likaosha poda yote. Watu wakaanza kunyamaza, mmoja mmoja, mpaka ukasikia mabati yakilia kwa jua.

"Aliniita mpaka pumzi ikamwisha."

Akarudia.

"Sauti yangu nampa yeye."

Akarudia. Na hapo ndipo alipomaliza kusema duniani.

Esnath akavuta pazia kwa nguvu. Hakuna mtu. Kigoda tu. Na kikundi hawakuja na kigoda.

Siku hizi Kalinga yupo Iringa kwa dada yake, Bertha. Hasemi hata "maji". Anakaa kutwa kwenye pazia la mlango, kichwa upande, anasubiri kupewa neno. Na akome!

Ila Bertha anaogopa. Kila asubuhi anamsugua kaka yake sikio la kushoto kwa sabuni na kitambaa. Pana alama ya midomo hapo, ya udongo mwekundu. Inatoka vizuri tu.

Kesho yake ipo tena. Mbichi.