Ncha ya Nane

Rafiki yangu, seremala mstaafu, alikuwa kibandani mwake mchana. Alikuwa ameziba dirisha pekee kwa mbao ili apate ukuta wa kutundikia zana. Akanipigia simu.

“Mzee mwenzangu, utani una mipaka. Acha kukaza skrubu, nifungulie.”

“Mimi niko kwangu, nanywa chai.”

Simuni nilisikia bisibisi ikikwaruza. “Basi njoo upesi. Ncha saba zimetokeza upande wa ndani wa mlango, nao hausogei.”

Nilifika baada ya dakika kumi na mbili. Kwa nje mlango ulikuwa laini, bila skrubu hata moja. Niliusukuma kwa bega, ukagoma.

“Acha basi,” alisema kutoka gizani. “Ya nane inatokeza.”

Kiganja changu kilikuwa juu ya ubao mtupu. Chini yake mkwaruzo uliendelea, mzunguko mmoja kila sekunde mbili.