Wifi wa Chumba cha Nyuma

"Kipanga, chai imechemka."

Sauti ilikwaruza sikioni. Kipanga akakanyaga gia. Yamaha yake nyeusi ikachomoka katikati ya malori mawili, madereva wakabaki kumtukana.

"Nimekupata. Wameingia wote?"

"Bwana na bibi. Wameshikana mikono."

Hilo la mikono lilimchoma.

Bibi mwenyewe, nesi wa wodi ya wazazi, alikuwa mtoto wa dada yake Kipanga wa tumbo moja.

Bwana walimwita Injinia. Mgeni, fundi wa ndege, mcheshi, mdomo wa asali. Idara ya usalama ilijua ametumwa. Akipata ukaazi wa kudumu leo, atapewa beji ya uwanja wa ndege, na silaha za wakubwa zake zitapita humo kama mizigo ya kawaida. Ila ushahidi hakuna. Na aliyemdhamini ni mkewe, kwa roho nyeupe kabisa. Msichana anayependa haulizi. Huo ndio mlango wanaoingilia watu hawa.

Bosi alikuwa amesema neno moja tu.

"Mpwa wako ajitoe mwenyewe kabla muhuri haujagongwa. Ukigongwa, ni mshirika. Namkamata na tumbo lake hilohilo. Na wewe usimwonye."

Kipanga aliingia ofisi za uhamiaji kwa mlango wa nyuma. Chumba kidogo, runinga mbili. Kulia Injinia mbele ya afisa wa kwanza. Kushoto nesi, mbele ya afisa wa pili, mama wa makamo. Bastola ya Glock ilimbana Kipanga ubavuni.

"Mkeo analala upande gani?"

"Wa ukutani, mzee."

"Chai anakunywaje?"

"Bila sukari. Anasema sukari ni mimi."

Afisa akacheka. Chumba cha pili, nesi alijibu vilevile, hadi ile ya sukari, akaona haya.

"Majibu yameoana," Bosi akasema redioni. "Afisa anashika muhuri."

Kipanga akainamia kipaza sauti.

"Ngoja. Muulize Injinia, mkewe anaogopa nini."

Hilo Injinia hakufundishwa. Kwa mara ya kwanza akajibu bila kupanga, tena kwa tabasamu la kweli.

"Radi. Kukinguruma tu anajifunika mto, analia kama mtoto. Mpaka nimzibe masikio kwa mikono yangu."

Kipanga akaisogelea runinga.

Radi? Mpwa wake? Yule aliyekuwa akicheza uani mvua ikipiga, mama yake akimfokea mlangoni?

"Afisa wa pili," akanong'ona. "Muulize nyumbani kwao nani anaogopa radi."

Nesi aliposikia swali akaangua kicheko.

"Ah, huyo wifi yangu! Dada wa mume wangu, tunaishi naye, analala chumba cha nyuma. Mvua ikianza tu, vilio. Mume wangu huamka kwenda kumbembeleza, maskini, mpaka..."

"Mpaka?"

"Mpaka asubuhi."

Kicheko kilibaki usoni, hakuna aliyekiondoa. Huyo wifi alimfulia alipougua. Alimpakulia chakula kabla ya kujipakulia.

"Hajawahi kumwita kaka," alisema polepole. "Hata siku moja. Nikadhani ndiyo lugha yao."

"Binti yangu, mumeo katuambia anayeogopa radi ni mkewe."

Nesi aliangalia tumbo lake. Akalishika kwa mikono miwili.

"Nafuta," akasema. "Udhamini wangu, naufuta. Niandikieni hivyo."

"Timu ya pili, mlioko nyumbani kwao!" Kipanga akabweka. "Chumba cha nyuma, sasa!"

Redioni ukasikika mlango ukivunjwa. Mwanamke akapiga yowe.

"Tumempata. Chini ya kitanda kuna redio ya mawasiliano, bastola, ramani ya uwanja wa ndege."

Muhuri ulipochelewa, Injinia alinusa hatari. Akaruka meza, akamkumba afisa, akatoka mbio koridoni.

Kipanga alishasimama juu ya ngazi.

Teke moja la goti. Injinia chini. Mtutu shingoni.

"Mjomba!" akahema. "Mjomba, tuyazungumze kifamilia."

"Familia yako imeshatiwa pingu."

Wakamchukua.

Nesi alikuwa amekaa kwenye benchi la koridoni. Aliitazama bastola, akamtazama mwenye bastola.

"Kumbe Mjomba huuzi matairi."

"Siuzi."

"Ulijua tangu lini?"

"Nilianza kumshuku baada ya harusi."

"Kabla ya mimba, au baada?"

Kipanga alifunga zipu ya jaketi hadi kidevuni.

"Nimpigie mama yako aje?"

"Usimpigie. Aliniuliza mara ngapi, mwanangu, huyu wifi mbona haendi kwao? Nikamwambia mama, acha wivu, umezoea kunitawala. Hajakanyaga kwangu tena."

Sikioni Bosi alikuwa anachekelea. "Kipanga, kazi safi. Njoo upumzike."

Alichomoa kile kidude sikioni, akakitia mfukoni. Akavaa kofia ya pikipiki. Akashuka ngazi taratibu, mabega sawa, kama mtu aliyemaliza shughuli zake za mchana.

Nyuma yake alimsikia mpwa wake akimuuliza yule afisa mama, kwa sauti ya adabu, mtoto akizaliwa ataandikwa ubini wa nani.

Hakugeuka.