Mstari wa Arobaini na Moja

Nilipanga kutoka saa kumi na moja nifike mtaani kwetu Pioneer kabla ya mvua. Unga ulikuwa umeisha nyumbani na nguo zilikuwa bado kwenye kamba. Lakini saa kumi na mbili na robo ilinikuta ofisini, ghorofa ya pili, juu ya duka la mbegu, nikigombana na orodha ya Mzee Mabonga.

Mimi ni karani wa umoja wetu wa kuzikana, sisi watu wa magharibi tunaoishi Eldoret. Mzee Mabonga, katibu, aliamua kwamba mialiko ya mkutano iende kwa imeli. Kazi yangu ilikuwa kupakia majina mia tatu na kumi na mbili kwenye mtambo wa kutuma. Mkutano ulikuwa kesho yake.

Orodha aliichapa mwenyewe, kwa vidole viwili. Mahali pa nukta ameweka koma. Wengine amewapa anwani mbili kwenye kisanduku kimoja. Kuna nafasi zisizoonekana mwishoni mwa anwani, na mtambo unazikataa zote. Nilisafisha moja moja tangu saa nane. Mwishowe ukabaki mstari mmoja.

Mstari wa 41. Anwani haikubaliki.

Brigid Aluoch. Niliichapa anwani upya. Ikakataliwa. Nikainakili kwenye karatasi pamoja na nambari yake ya simu, nikaifuta, nikaiandika herufi kwa herufi. Ikakataliwa.

Kwenye safu ya mwisho, kila mtu alikuwa ameandikiwa "hai". Brigid peke yake aliandikiwa "marehemu".

Nikampigia Mzee.

"Mzee, huyu Brigid si alikufa mwezi wa tatu? Nimtoe?"

"Wacha! Hajaitwa bado."

Nilijua anachomaanisha. Kwetu mwanachama akifa, jina lake husomwa mkutanoni mara tatu, na mtu wa ukoo husimama kujibu, "Amefika nyumbani." Ndipo jina linapigwa mstari. Brigid hakufika nyumbani. Mashemeji zake walivutana mpaka akazikwa hapa hapa mjini, mbele ya watu sita, mvua ikinyesha. Hakuna aliyetaka kusimama kumjibia. Mimi nilimjua kwa jina tu.

"Mtambo unakataa orodha nzima kwa sababu yake, Mzee."

"Kwani mashine imekushinda, mama? Na ulituambia umesoma."

Nikakata simu. Nikachagua jina lake, anwani yake na nambari yake ya simu. Nikafuta. Walio chini yake wakapanda kujaza pengo. Nikahifadhi, nikafunga faili, nikapakia.

Mistari 311 imekubaliwa. Mstari 1 hauna jina.

"Shauri yako," nikauambia mtambo.

Ndipo nikasikia ngazi.

Ndara. Ndara zilizolowa maji. Pa... pa... pa...

Mlango wa chini nilikuwa nimeufunga mwenyewe. Ufunguo ulikuwa mezani, kando ya kikombe changu.

Harufu ikaingia kwanza. Udongo uliochimbwa karibuni, ule mwekundu wa huku, ukiwa na maji.

Mama mmoja alisimama mlangoni. Sweta ya kijani, kitambaa kichwani. Taa ya ofisi haikumfikia usoni.

"Tumefunga, mama," nikasema. Nilikuwa nimechoka hata sikuweza kuogopa. "Rudi Jumatatu."

"Nafasi yangu umempa nani?" Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayeongea chini ya blanketi.

"Nafasi gani?"

"Angalia."

Nikafungua faili. Mstari wa 41.

Byron Okeyo. Marehemu.

Byron ni mume wangu.

Nilielewa nilichofanya. Nilifuta visanduku vitatu nikaacha cha nne. Majina yalipanda. Neno "marehemu" lilibaki palepale, likingoja wa kumwangukia. Ni kosa la kawaida, nimelifanya mara nyingi. Nikainua kichwa nimwambie hivyo.

Mlangoni hapakuwa na mtu. Sakafu ilikuwa na matope.

Nikampigia Byron. Saa hiyo huwa kwenye boda akitoka kazini Kiplombe. Simu ikalia mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Ikalia...

Nikajaribu kurudisha nilichofuta. Faili nilishaifunga, haikukumbuka kitu. Basi nikawasukuma wote chini mstari mmoja kupata pengo, vidole vikikosa vitufe. Nikaandika jina la Brigid. Anwani yake, kutoka kwenye karatasi. Nambari yake.

Brigid Aluoch. Marehemu.

Byron Okeyo. Hai.

Nikapakia. Kile kiduara kikazunguka. Kikazunguka.

Mistari 312 imekubaliwa.

Hata ile anwani iliyokataliwa mchana kutwa.

Simu ikalia.

"Mama Apondi." Byron alikuwa akihema. "Tumeanguka na boda. Usianze kelele, niko sawa. Ni mguu tu."

"Mbona hushiki simu?"

"Nilikuwa mtaroni. Sijui muda gani. Sikuwa nasikia kitu. Halafu kuna mama akanivuta mkono. Ananiambia, toka, hapa ni pangu."

Niliangalia matope sakafuni.

"Alikuwa amevaa nini?"

"Wewe! Nimevunjika mguu, unauliza mambo ya nguo?" Kisha akateremsha sauti. "Sweta. Ya kijani. Mkono wake ulikuwa baridi, Mama Apondi. Baridi vibaya."

Kesho yake mkutano ulijaa, mialiko ilifika. Mzee Mabonga akasimama na daftari.

"Brigid Aluoch." Kimya.

"Brigid Aluoch." Watu wakaangalia viatu vyao.

Mara ya tatu nilishika kiti nisimame. Byron, mguu wake kwenye plasta, akanivuta gauni. Nami nikakaa. Ningejibu nini? Kwamba amefika nyumbani? Nilijua hajafika.

Mzee akafunga daftari bila kupiga mstari.

Sasa kila mwezi napakia orodha ileile. Haisumbui tena. Mtambo hunipa ripoti ya waliofungua imeli, na Brigid huwa wa kwanza, kabla ya walio hai, dakika ileile ninapobonyeza kutuma. Mzee ananiuliza lini nitaisafisha orodha. Nasema nitaona.

Mstari wa 41 siugusi. Byron yuko wa 42.