Kitenge cha Nitarudi

Mwaka wa pili wa korona, mitaa ya Granville, jijini Sydney, ilinyamaza kama darasa lililoingiwa na mwalimu mkuu. Kila alfajiri Mama Honorine alivaa barakoa akaenda kazini, kwenye ghala moja kule Smithfield. Binti yake Kasoki, mwenye miaka kumi na miwili, alisoma na wenzake kupitia kompyuta. Masomo yakiisha alikaa dirishani kutazama treni tupu zikipita, na mawazo yake yakapanda treni hizo bila tiketi.

Jumamosi moja Mama alimwita.

"Dada yako Aline ataolewa tukiruhusiwa kutoka. Familia haiwezi kuvaa kila mtu vazi lake, kama watu waliokutana kituoni. Nataka Nitarudi."

Nitarudi lilikuwa jina la kitenge. Wanawake wa kwao Butembo, kule Kongo, ndio waliokiita hivyo, kwa sababu ya mbayuwayu wa buluu, ndege wanaohama na kurudi, walioruka juu ya rangi ya dhahabu. Cha bibi kilibaki nyuma siku vita vilipowafukuza.

"Maduka yamefungwa, Mama," Kasoki akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake.

"Ndiyo maana nakutuma wewe, mtoto wa mtandao! Lakini kiwe halisi. Fedha hizi ni Jumapili zangu zote za ghalani."

Kasoki akazama kwenye tovuti ya mnada. Siku ya tatu, mbayuwayu hao hapo! Picha ilikuwa moja tu, laini kama ya gazeti. Duka lilifunguliwa wiki mbili tu zilizopita, na neno "halisi" liliandikwa mara nne. Hayo yote Kasoki hakuyaona. Aliona salamu tu: "Karibu dada, Mungu akubariki." Kiswahili, katikati ya Sydney! Moyo ukayeyuka. Huyu ni mtu wetu, akawaza.

Akatoa dau. Mtu mwingine akapandisha, naye akapandisha. Dakika za mwisho ziliyoyoma huku akiwaona mbayuwayu wakitoka kwenye kioo, wakivuka paa za Granville, wakishuka mabegani mwa Mama. Alipozinduka, alikuwa ameshinda.

"Dada, nitumie fedha moja kwa moja benki, nikupunguzie," muuzaji akaandika.

Kasoki angekubali, ila hakuwa na namba ya siri ya benki. Akalipa palepale kwenye mnada, kwa kadi aliyoachiwa na Mama.

Kifurushi kilifika baada ya siku kumi. Akakikunjua sakafuni, akatabasamu. Kisha akakigeuza. Upande wa nyuma ulikuwa mweupe kama uji. Kilinuka mafuta ya taa. Akalowesha pembe moja, na kidole gumba kikawa cha buluu.

Alipomlalamikia muuzaji, jibu lilikuja upesi: "Dada, nani hutazama nyuma ya nguo? Nipe nyota tano, nikurudishie nusu. Mama hatajua."

Mama hatajua. Maneno hayo yalielea chumbani kama moshi. Kasoki akamwona Mama harusini, jasho likimtoka, ndege wakichuruzika buluu shingoni. Akamwona pia mtoto mwingine, pengine mtaani Toongabbie, akizisoma nyota zake tano na kuziamini. Hasira ikampanda. Nusu ya fedha, kwa uongo mzima?

Mama aliporudi, hata viatu hajavua, Kasoki akamwekea kitenge mikononi, upande wa nyuma juu.

"Mama, nimeibiwa. Nilikosea."

Mama akakaa chini. Akakigeuza kitenge mara mbili, akakinusa. Mwishowe akampigia simu Mama Médiatrice, fundi cherehani wao, akamwonyesha kitambaa kwa video.

"Mama Honorine, hicho hata paka wangu hakilalii!" fundi akacheka. Kisha akauliza, "Kasoki, uliomba picha ya nyuma? Kitenge halisi cha waksi, kile cha nta, rangi yake hupenya pande zote mbili. Na pindo lenye jina la kiwanda, uliliona?"

"Aliniita dada, shangazi."

"Eh! Hata mwizi anajua Kiswahili, mwanangu."

Jioni hiyo Kasoki alipiga picha za kitambaa na kidole chake, akaziambatisha na ujumbe wa muuzaji, akaandika malalamiko kwa wenye mnada. Mama alitaka kila sentensi asomewe kwa Kiswahili. Baada ya siku nane fedha zilirudi zote, na duka lile likafungwa.

Mara ya pili Kasoki hakukimbilia dau. Alimpata mama mmoja aliyekuwa ameuza vitambaa mtandaoni kwa miaka minane, akasoma maoni ya wateja, akaomba picha ya nyuma na ya pindo. Zikaja bila visingizio. Nacho kitenge kilipofika, Mama alikipitisha vidoleni polepole, machozi yakimlengalenga.

"Kinatosha familia nzima," akasema.

"Bado unanikasirikia, Mama?"

"Nilikasirika. Ulinunua kwa masikio, mwanangu, na salamu tamu si cheti cha bidhaa. Mgeni wa mtandaoni mwombe ushahidi kwanza, hata akikuita dada. Lakini ulipokosea hukuificha aibu yako kwa uongo. Kwa hiyo nitakutuma tena, na fedha nitakukabidhi."